Uchungu Uliofichwa Nyumbani

Kama uko jikoni, endelea na kazi yako huku ukisikiliza. Na kama baba yuko karibu, mwite naye aketi, maana mazungumzo ya leo si ya akina mama peke yao.

Leo ningependa tuzungumze juu ya jambo linalotokea katika nyumba nyingi za Wakristo, lakini ni mara chache sana kulisikia likitajwa kanisani. Jambo hilo ni kupoteza mimba. Na hasa nataka tumfikirie mama aliyekwisha kufika miaka 40 au kupita, ambaye tayari ana watoto wengine anaowalea. Mama wa namna hiyo akipoteza mimba, watu wengi hawaoni kwamba amefiwa. Wanaona watoto wake wakienda shule, wanaona nguo zimeanikwa, wanaona moshi jikoni, nao wanasema moyoni kwamba mambo ni sawa. Je, ni sawa kweli?

Somo letu linatoka katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, mlango wa 4, kuanzia mstari wa 8 mpaka wa 37. Tafadhali lisome lote nyumbani. Ni habari za yule mwanamke Mshunami aliyemjengea nabii Elisha chumba kidogo na kumwekea kitanda, meza, kiti na taa.

Mwanamke huyu hakuwa na mtoto, na mume wake alikuwa mzee. Elisha alipomwambia kwamba mwaka ujao angekumbatia mwana, hakurukaruka kwa furaha. Alimsihi nabii asimdanganye. Mtoto akazaliwa kweli, akakua, na siku moja akaenda shambani kwa baba yake akashikwa na kichwa. Akaletwa nyumbani, akakaa magotini pa mama yake mpaka adhuhuri, akafa. Mama akamlaza juu ya kitanda cha nabii, akafunga mlango, akapanda punda, akaenda mbio mpaka mlima Karmeli. Gehazi, mtumishi wa Elisha, alipotumwa kumlaki na kumwuliza habari zake, za mume wake na za mtoto, unajua alijibu nini? Alijibu kwamba wote hawajambo.

Msikilizaji mpendwa, yule mama alikuwa ameacha maiti nyumbani, lakini alipoulizwa habari alisema ni salama. Je, hujapata kuwaona akina mama wa namna hiyo katika ushirika wako?

MFANO WA MAMA MMOJA

Tuchukue mfano. Tuseme yuko mama wa miaka 42. Kifungua mimba wake yuko sekondari, na kitinda mimba yuko darasa la nne. Nguo za kitoto alizigawa zamani, na kitanda kidogo alimpa wifi yake. Mwezi mmoja hedhi haikuja. Alidhani ni mambo ya umri, kwamba hedhi imeanza kukoma, akanyamaza. Alipokwenda kliniki kwa sababu ya kichefuchefu, akaambiwa kwamba ana mimba ya wiki 9.

Siku ile hakufurahi. Alihesabu karo ya shule. Alifikiri juu ya mgongo wake unaouma. Alimwonea haya binti yake mkubwa, kwa maana watu wangesema mama na binti wamefikia umri wa kuzaa pamoja. Usiku akamwambia mume wake, "Mimi sikuomba mtoto mwingine." Lakini baada ya wiki mbili tatu moyo wake ukageuka. Akaanza kuhesabu miezi. Siku moja sokoni alijikuta ameshika kofia ndogo ya sufi, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha, katika wiki ya 13, akaanza kutokwa na damu, na usiku ule mimba ikatoka.

Jumapili iliyofuata alikuwa kanisani, ameketi mahali pake pa siku zote. Walipomsalimu na kumwuliza habari za nyumbani, akajibu, "Tuko salama, Bwana asifiwe." Baada ya ibada akaenda kupika, kwa sababu watoto walikuwa na njaa.

Huyu mama ana mizigo mitatu kwa pamoja. Mzigo wa kwanza ni kufiwa. Wa pili ni kwamba hana nafasi ya kulia, kwa sababu nyumba inamngoja. Na wa tatu, ulio mzito kuliko yote, ni hatia. Anakumbuka maneno yale ya usiku, kwamba hakuomba mtoto mwingine, naye anajiuliza kama Mungu aliyasikia na kumwadhibu. Tuitazame mizigo hii, mmoja mmoja.

HUZUNI HII NI YA KWELI

Watu humwambia mama huyu, "Mshukuru Mungu, unao wengine." Wengine husema, "Kwani ulikuwa ukitafuta nini tena katika umri huo?" Wasemao hivyo mara nyingi hawana nia mbaya. Wanatafuta neno la kufariji, hawalioni, wanashika la kwanza linalofika mdomoni.

Lakini fikiri kidogo. Mtu mwenye watoto 4 akifiwa na mmoja aliyekwisha kukua, je, tunamwambia ashukuru kwa sababu wamebaki 3? Hatuthubutu. Watoto si kama shilingi, ambapo moja ikipotea nyingine hujaza mahali pake. Kristo mwenyewe, katika Luka mlango wa 15, alisimulia juu ya mchungaji mwenye kondoo 100 aliyewaacha 99 akamtafuta mmoja. Hakusema kwamba 99 wanatosha.

Tena mama mwenye watoto huyajua mambo ambayo mama wa mimba ya kwanza hayajui. Anajua uzito wa mtoto mchanga kifuani. Anajua sauti yake usiku. Anajua jinsi anavyoanza kucheka. Kwa hiyo anajua vizuri sana ni nini alichopoteza. Na kama umri wake umekwenda, anajua pia kwamba huenda mlango huu hautafunguka tena. Anamlilia mtoto, na pamoja na mtoto analilia siku zake za uzazi zinazokwisha.

Yeremia, mlango wa 31, mstari wa 15, anamtaja Raheli akiwalilia watoto wake na kukataa kufarijiwa. Neno la Mungu halikumkemea Raheli. Kwa hiyo, mama, usiharakishe kujifuta machozi kwa sababu tu ya watu. Kulia si kukosa imani.

SI ADHABU, WALA HUKUSABABISHA WEWE

Sasa tuje kwenye hatia. Hapa ningependa niseme mambo mawili, moja la madaktari na moja la Maandiko.

Madaktari wanasema hivi. Kati ya mimba ambazo mama amekwisha kujua kwamba anazo, zipatazo 10 mpaka 15 katika kila 100 huharibika. Umri unapoongezeka, hatari nayo huongezeka. Uchunguzi mkubwa uliofanywa katika nchi ya Norway juu ya mimba zaidi ya 400,000, ukachapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba kwa wanawake wa miaka ishirini na kitu hivi, mimba kama 10 katika kila 100 ziliharibika. Lakini kwa waliofikia miaka 45 na kuendelea, ziliharibika zaidi ya nusu.

Kwa nini iwe hivyo? Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote ya uzazi. Ukiwa na miaka 42, mayai yako nayo yana miaka 42. Yai la umri huo linapojigawa, mara nyingi zaidi hutokea kasoro katika zile nyuzi ndogo sana zinazobeba urithi wa mtoto kutoka kwa wazazi. Nyuzi zikizidi au zikipungua, mara nyingi mtoto hawezi kukua, na mimba hukatika. Karibu nusu ya mimba zinazotoka mapema hutoka kwa sababu ya kasoro kama hizo. Hakuna mtu aliyetenda kosa. Si ndoo ya maji uliyobeba. Si kulala na mume wako. Si dawa za kupanga uzazi ulizotumia miaka iliyopita. Si kijicho cha jirani. Na si maneno uliyosema usiku ukiwa umechoka.

Ziko sababu nyingine ambazo hospitali inaweza kuzishughulikia, kama vile malaria, kaswende, shinikizo la damu na ugonjwa wa kisukari. Haya mawili ya mwisho huwapata zaidi walio na umri mkubwa. Ndiyo sababu yafaa kupimwa, hasa kama mimba ilikuwa imekwisha kuwa kubwa au kama umepoteza zaidi ya moja. Lakini kupimwa ni kutafuta msaada. Si kutafuta wa kulaumiwa.

Maandiko nayo yanasemaje? Wengine hutaja habari za Daudi, ambaye mtoto wake alikufa baada ya dhambi yake na Bath-sheba. Ni kweli, imeandikwa katika Kitabu cha Pili cha Samweli, mlango wa 12. Lakini pale Mungu alimtuma nabii Nathani kumwambia Daudi jambo lile wazi. Hakuna mtu aliyepewa ruhusa kuifanya habari ya Daudi kuwa kanuni ya kila nyumba iliyofiwa. Katika Yohana mlango wa 9, wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana alikataa yote mawili. Na katika Luka mlango wa 13 alisema juu ya wale watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akakana kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine waliokaa Yerusalemu.

Na sasa mrudie yule Mshunami. Alipofika kwa Elisha akamshika miguu, neno lake la kwanza lilikuwa kumwuliza nabii kama yeye aliomba mwana kwake. Ni kana kwamba alisema, mimi sikuomba, mkanipa, na sasa mmeninyang'anya. Hayo ni maneno makali! Lakini nabii hakumkemea, wala Mungu hakumhukumu kwa ajili yake. Mama uliyesema kwamba hukuomba mtoto mwingine, umesikia? Dada yako wa zamani alisema maneno ya namna hiyo mbele ya mtumishi wa Mungu, na Mungu hakumtupa.

TUNZA MWILI WAKO

Wengine wanafikiri kwamba Mkristo wa kweli huomba tu, haendi hospitali. Hapana. Luka, aliyeandika Injili, alikuwa tabibu, na Paulo alimwita mpendwa.

Baada ya mimba kutoka, damu huendelea kidogo kidogo kwa wiki moja au mbili. Hilo si ajabu. Lakini damu ikiwa nyingi mno, hata kulowesha pedi mbili kwa saa moja kwa muda wa saa mbili mfululizo, au ukiwa na homa, au uchafu wenye harufu mbaya, au maumivu makali ya tumbo, au kizunguzungu na kuzimia, usingoje asubuhi. Nenda hospitali mara moja. Maumivu makali ya upande mmoja katika miezi ya kwanza yanaweza kuwa dalili ya mimba iliyoshika nje ya mji wa mimba, na hiyo huua. Kwa sheria ya nchi yetu, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, mtu hapaswi kunyimwa matibabu ya dharura. Basi usizuiwe na haya wala na woga kwamba watu watakudhania vibaya.

Mwulize muuguzi akupime kama una upungufu wa damu. Mwulize pia juu ya aina ya damu yako. Wale ambao damu yao ni ya Rhesus hasi huenda wakahitaji sindano ya kulinda mimba zijazo, nayo hutolewa kwa kawaida kabla ya saa 72 kupita. Na ujue kwamba mimba nyingine inaweza kushika upesi, hata kabla ya kuona hedhi. Kama wewe na mume wako hamtaki, au hamjawa tayari, ongeeni na daktari mapema.

Jambo moja huwaumiza sana akina mama ambao mimba ilikuwa imepita miezi minne. Maziwa huja, na hakuna mtoto wa kunyonya. Mama huona kana kwamba mwili wake unamdhihaki. Vaa sidiria inayoshika vizuri, weka kitambaa chenye maji baridi, na usikamue sana, maana ukikamua mengi maziwa huongezeka. Baada ya siku chache hupungua. Ukilia siku hizo, lia. Mwili nao unaomboleza kwa namna yake.

BABA NAYE AMEFIWA

Ndugu zangu wanaume, sasa ni zamu yetu. Mara nyingi mume huona kwamba kazi yake ni kuwa imara. Analipa hospitali, anarudi kazini, anakaa kimya. Mke anautazama ukimya ule anasema, "Huyu hakujali." Kumbe mume naye anaamka usiku wa manane akitazama dari. Wawili wamefiwa na mtoto mmoja, lakini kila mmoja analia katika chumba chake cha moyoni na mlango umefungwa.

Baba, huhitaji maneno mengi. Keti karibu na mke wako umwambie, "Mimi pia nilikuwa nikimngojea." Neno hilo moja lina nguvu kuliko mahubiri. Kisha chukua kazi yake kwa muda. Teka maji, wapeleke watoto shule, simama jikoni. Usiwe na haraka ya kurudia mambo ya kitandani mpaka mwili wake umepona na moyo wake umetulia. Na kama mama yako au dada zako wanaanza kusema kwamba mke wako amezeeka na tumbo lake limechoka, simama wewe katikati. Usimwache ajibu peke yake.

Na wewe mama, mpe mume wako nafasi ya kuhuzunika kwa njia yake. Asiyetoa machozi si lazima awe hana uchungu.

WATOTO WAMEONA

Wazazi wengi hudhani kwamba watoto hawajui. Wanajua. Walimwona mama akitoka usiku, walisikia minong'ono ya shangazi, waliona shuka zikifuliwa. Mtoto asipoambiwa ukweli hujitungia mwenyewe, na mara nyingi anachotunga ni kibaya kuliko ukweli.

Wakusanye, mseme kwa maneno machache na ya wazi: mama alikuwa na mimba, mtoto alikufa kabla ya kuzaliwa, mama ana huzuni, lakini atapona, na ninyi hamkufanya neno lolote baya. Hilo la mwisho ni la maana sana. Mtoto mdogo aliyewahi kusema kwamba hataki mdogo mwingine anaweza kuamini kwamba maneno yake ndiyo yaliyoua. Usimwambie kwamba mtoto amelala, maana ataogopa kulala. Wala usimwambie kwamba Mungu amemchukua kwa sababu alimpenda mno, kwa kuwa ataanza kumwogopa Mungu na upendo wake.

Na yule binti mkubwa uliyemwonea haya, mtazame vizuri. Huenda yeye ndiye anayebeba nyumba nzima sasa, anapika, anafua, anawanyamazisha wadogo zake, na hakuna anayemwuliza habari. Mwite kando umshukuru. Mwache naye aulize maswali yake. Siku moja atakuwa mke na mama, na atakumbuka jinsi mama yake alivyochukua huzuni: kama kitu cha aibu cha kufichwa, au kama mzigo ambao watu wa nyumba moja huubeba pamoja mbele za Mungu.

KANISA LIFANYE NINI?

Mnakumbuka Gehazi alifanya nini yule mama aliposhika miguu ya nabii? Alikaribia ili amwondoe. Aliona ni fujo, si heshima. Lakini Elisha akamwambia amwache, kwa sababu roho yake ina uchungu, na Bwana alikuwa amemficha jambo hilo. Nabii mkubwa alikiri kwamba hakujua! Wachungaji na wazee wa kanisa, tujifunze hapo. Hatujui yaliyo katika mioyo ya watu wanaotuambia kwamba wako salama. Basi tusiwe wepesi wa kusukuma.

Tena Elisha alimtuma Gehazi atangulie na fimbo aiweke juu ya uso wa mtoto. Fimbo haikusaidia kitu. Mama alikuwa ameshikilia kwamba hatamwacha nabii mwenyewe, na nabii akaondoka akamfuata mpaka nyumbani. Ndugu, salamu ya kutumwa ni kama ile fimbo. Mama aliyefiwa anataka mtu afike kwake. Akina mama wa chama, wakati mtoto mzima anazaliwa mnajua sana kwenda na sukari, unga, sabuni na nyimbo. Nendeni pia kwa mama ambaye mtoto wake hakufika. Nendeni wawili au watatu, si kundi. Pelekeni chakula kilichopikwa, mfue nguo, mkae. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku 7, mchana na usiku, bila kusema neno, nayo ilikuwa kazi yao njema kuliko zote. Waliharibu walipofungua midomo.

Na mkisema, semeni machache. "Pole sana, mama. Tumesikia, na tunahuzunika pamoja nawe." Inatosha. Msimwambie atapata mwingine, kwa maana hamjui. Msitaje hadithi ya Sara na Elisabeti waliozaa uzeeni, kana kwamba mnamwahidi. Mungu aliwapa wao, lakini hakumwahidi kila mwanamke hivyo. Hata habari ya Mshunami iliishia kwa mtoto kufufuliwa, na sisi hatuna ruhusa ya kumwambia mama huyu kwamba yake itaishia vile. Tunachoweza kumwahidi ni kile Neno linachoahidi, kama katika Zaburi ya 34, mstari wa 18, kwamba Bwana yu karibu na waliovunjika moyo.

Mchungaji, familia ikitaka kumpa mtoto jina, au kumzika, au kufanya maombi mafupi nyumbani, usiwaambie kwamba hakuna utaratibu wa jambo hilo katika kitabu cha ibada. Sala ya dakika kumi chini ya mti wao wa nyumbani haivunji kanuni yoyote. Kuna wazazi waliokaa miaka 20 bila kupata sala hiyo, na wangali wanaingoja.

Tufahamu pia kwamba huzuni nyingine huwa ugonjwa. Uchunguzi uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba mwezi mmoja baada ya kupoteza mimba za mwanzo, karibu wanawake 3 katika kila 10 walikuwa na dalili za mshtuko mkubwa wa moyoni. Baada ya miezi 9, walikuwa bado karibu 2 katika kila 10. Kwa hiyo kama wiki zinapita na mama hawezi kulala, hawezi kula, hajali watoto wake, au anasema heri afe, msimwambie aombe zaidi tu. Mpelekeni kwa daktari, na mmoja wenu aketi naye mpaka aitwe. Hapa Kenya liko pia shirika liitwalo Still A Mum, ambalo limekuwa likiwakutanisha wazazi waliopoteza mimba au watoto wachanga ili wasaidiane. Kuzungumza na aliyepita njia hiyo hiyo ni dawa.

NENO LA MWISHO

Mama mpendwa, labda jambo hili lilikupata wiki iliyopita. Labda lilikupata miaka mingi iliyopita, na hakuna anayelikumbuka ila wewe. Kila mwaka mwezi ule ukifika unahesabu umri ambao angekuwa nao. Hujapungukiwa na akili. Wewe ni mama unayekumbuka.

Yule Mshunami alimjibu Gehazi kwamba ni salama, akapita. Hakumwambia mtu yeyote njiani, wala hata mume wake. Lakini alipofika kwa yule aliyeweza kumsikiliza, alianguka akashika miguu yake, akasema yote yaliyokuwa moyoni. Si lazima umwambie kila mtu. Watu wa sokoni waweza kuwaambia mko salama. Lakini leo, kabla ya kulala, mwambie Mungu ukweli wote, hata yale maneno makali. Na kesho mwambie mtu mmoja, mume wako, au dada mmoja mwaminifu, au mke wa mchungaji. Uchungu uliobebwa na wawili hupungua uzito.

Na wewe msikilizaji ambaye jambo hili halijakupata, umemkumbuka mtu fulani tulipokuwa tukizungumza? Basi usingoje Jumapili. Nenda.

Tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, wewe unayejua kila mtoto kabla hajaumbika tumboni, tunawaleta kwako akina mama waliopoteza, na baba waliokaa kimya, na watoto wanaojiuliza. Waondolee hatia ambayo wewe hukuwatwika. Wape nguvu ya kazi za kesho, na nafasi ya kulia leo. Utufundishe sisi wa kanisa lako kufika, kunyamaza, na kubeba. Tunawakabidhi kwako wale wadogo ambao hatukuwaona. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mpaka tutakapokutana tena katika mazungumzo yajayo, neema na amani viwe nanyi.